Gundi ya Milango

Mwanafunzi wangu bora hakuwa mtoto. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mfanyabiashara wa mchele pale Kasumulu, nusu ya ndugu zake wako Malawi. Alinikuta nikipiga sello kwenye harusi kanisani, akaniuliza kama ile fidla kubwa ya kukumbatia mtu mzima anaweza kujifunza. Nikamwambia anaweza. Tangu hapo kila Jumamosi alasiri alifika kwangu Mbugani na kanga ya ziada ya kujifunika miguu, maana chombo chenyewe hukaa katikati ya magoti, na yeye hakutaka majirani wapate la kusema.

Nimefundisha muziki miaka mingi, na wengi wenye vipaji kumzidi wamepita mikononi mwangu. Yeye alikuwa na sikio. Sauti ikiteleza kidogo tu, uso ulimkunjamana kama aliyeuma jiwe kwenye wali, anarudia bila kuambiwa. Nilimpenda kwa hilo. Wiki nzima nilikuwa naisubiri Jumamosi.

Masika ya mwaka juzi nilikwenda Mbeya wiki mbili, nikamwachia sello afanye mazoezi. Mvua za Kyela hazina adabu. Unyevu ulipenya, maungio ya ubavuni yakaachia. Akaogopa, akaipeleka kwa seremala, ikapakwa gundi ya milango. Niliporudi akanionyesha kwa furaha: haitafunguka tena. Na kweli, ilikuwa imebana.

Gundi ya sello huchemshwa kutokana na ngozi ya ng'ombe, na ni dhaifu kwa makusudi. Mbao zikinywea wakati wa kiangazi, kiungo huachia, ubao unabaki mzima. Nilipaswa kumweleza, kisha niibandue ile gundi siku hiyo hiyo. Nikaona uvivu. Nikasema ahsante.

Kiangazi kilipokolea, tukiwa katikati ya somo, ubao wa mbele ulilia kama kuni mbichi ukapasuka kuanzia chini hadi kwenye nyuzi, upinde ukiwa bado mkononi mwake. Nami nikamwambia, "Hiyo mikono ni ya kupimia mchele. Rudi sokoni kwako."

Aliweka upinde mezani taratibu. Akakunja kanga yake.

"Ndaga, mwalimu," alisema, kama alivyonishukuru kila mwisho wa somo, akatoka.

Nilingoja aje kuomba radhi. Mimi ndiye mwalimu, nilijiambia, na aliyevunja ni yeye. Jumamosi zikapita nikiwa nimekaa na kiburi changu hadi mwaka ukakatika. Fundi wa Dar es Salaam aliiunga sello ikapona, ikabaki na ukwaruzo kidogo kwenye sauti. Siku iliporudi niliipiga peke yangu, nikalia kama mjinga.

Kesho yake nikaenda Kasumulu. Alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha juu ya gunia, akaniuliza habari za nyumbani.

"Mama, nimekuja kuomba radhi," nikasema. "Sello imepona. Kosa lilikuwa langu, sikukufundisha habari ya gundi."

"Hayo yalikwisha, mwalimu."

"Basi njoo Jumamosi."

Niliushika mkono wake wa kushoto, kwa sababu mpiga sello huota sugu kwenye ncha za vidole zinapokandamiza nyuzi, na asipopiga sugu hizo huondoka. Zake zilikuwa zimeondoka. Vidole vilikuwa laini kabisa.

"Hukuwahi kujaribu tena, hata kwa chombo kingine?" nikauliza.

"Sikukasirika, mwalimu, usidhani," alisema kwa upole. "Wewe ndiye unayeijua mikono. Ulisema hii ni ya mchele. Mimi ni nani nikubishie?"

Miaka miwili ya masomo alikuwa ameamini kila nilichomwambia, na hilo nalo aliliamini. Mteja alikuwa amefika. Akauchomoa mkono wake polepole, akainuka kwenda kumpimia.