Nilivyotaja herufi E kwenye simu, maktaba ya Koboko ikawa ya watu wa Abuku

Wakuu, salaam. Siongezi chumvi, maana aibu yenyewe ni yangu.

Nafanya kazi maktaba ya umma hapa Koboko. Bosi alikuja kutoka ofisi kuu ya Arua na kompyuta sita na logo mpya. Eti sasa tunaingia digital, jina letu ni E-BUKU. Buku ndiyo kitabu kwa watu wa huku, na E ni ya mtandao. Alivyoipenda hiyo E, jamani!

Sharti lake: chumba kisipojaa watu ndani ya mwezi, kompyuta zinarudi Arua. Na mimi nirudi kijijini Ajia kulima mihogo.

Nikampigia mchora vibao. "Andika e, halafu buku."

Mimi natamka e ya Kiswahili. Yeye kichwani ana alfabeti ya Kiingereza, ambako A inatamkwa "ei", akasikia A.

Asubuhi nakuta kibao, herufi nyekundu kubwa: ABUKU.

Kwa msiojua, Abuku ni kata ya wakulima hukuhuku Koboko, nje ya mji. Nikampigia tena, nafoka. Naye akajibu: "Si wewe umesema ei? Rangi imekauka, mwalimu."

Wiki nzima watu wa mjini wanapita wamenuna. "Abuku wamepewa kompyuta, sisi je?" Hakuna aliyeingia. Nilikonda, wakuu.

Siku ya soko akaingia mama mmoja na kapu la simsim.

"Hii nyumba iko yetu?"

Nilitaka kusema ukweli, ulimi ukagoma. "Iko yenu, mama. Karibu."

Nikamfungulia video za magonjwa ya mihogo, akakaa mpaka tunafunga. Soko lililofuata akaleta majirani tisa. Wa mjini kuona vile, wivu ukawaingiza nao. Viti vikaisha!

Mwezi ulipofika bosi akakosa pa kukaa. Akasimama mlangoni: "Nani ameua E yangu?"

Mama wa simsim akajibu bila kuondoa macho kwenye kompyuta.

"Miaka yote mimi napita hapa, najua iko nyumba ya watu ya ofisi. Siku naona jina ya kwetu, naingia. Sasa wewe nataka futa?"

Bosi akarudi Arua mikono mitupu. Kompyuta zimebaki, na kibao pia.

Nilichojifunza: vikao vyote tulibishania rangi ya logo, kumbe kuna mtu alikuwa anapita nje akidhani hatumtaki. Hilo linaniuma mpaka leo.

Haya, nichekeni. Ila kwanza semeni: maktaba ya kwenu mnaingia, au mnapita tu?