Kamba ya Opondo na Mkaratusi wa Merigi

Saa tatu asubuhi, umande bado umetanda kwenye napia, majani marefu ya kulisha ng'ombe, nyuma ya boma la Priscah Chepkurui, karibu na soko la Merigi, Kaunti ya Bomet. Phelix Opondo anasimama chini ya mkaratusi mrefu na kurusha juu kifuko cha mchanga kilichofungwa kwa kamba nyembamba. Kifuko kinagonga tawi na kurudi chini. Anakiokota, anapangusa mikono kwenye suruali, anarusha tena.

"Hii ndiyo kazi yenyewe," anasema bila kugeuka. "Pawa ni kelele tu. Ile inapeleka mti mahali unataka ni kamba."

Pawa ni jina la hapa la msumeno wa injini. Wake bado umelala juu ya gunia, haujawashwa.

Mkaratusi huu umeinamia jiko la Priscah, na mvua ya masika imelegeza udongo upande mmoja wa mizizi. Opondo, mwenye umri wa miaka 61, anataka uanguke upande wa pili, kwenye napia. Akikosea, jiko litakwenda, na huenda na nyumba pia.

Priscah ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Mumewe, marehemu Mathew, ndiye aliyeupanda walipohamia hapa wakiwa wametoka tu kuoana.

"Alisema tutaukata tukijenga nyumba," anasimulia. "Nyumba ikajengwa, yeye akakataa usiguswe. Alikuwa anapenda kuusikia kukiwa na upepo."

Opondo anamwendea polepole. "Kogo, hapo ni karibu sana," anamwambia, akitumia neno la Kikipsigis la kumwita bibi. "Twende ukae kule juu kwa majani chai."

"Baba Moureen, mimi nataka kuuona ukienda," Priscah anamjibu, akimwita kwa jina la bintiye.

"Utauona. Kule ndiyo utauona vizuri."

Anambebea kiti mwenyewe.

Kifuko hatimaye kinapita juu ya panda ya tawi nene na kushuka upande wa pili. Opondo anaitumia kamba ile nyembamba kupandisha kamba nene, kisha anaifunga kwa fundo ambalo halitelezi. Anaivuta kwa uzito wake wote, mara kadhaa, akisikiliza.

Anasema lazima kamba ifungwe juu, mbali na mahali msumeno utakata, na ifungwe kabla injini haijawashwa. Ikifungwa chini haina nguvu.

Mwisho wa pili anaupeleka ng'ambo ya napia, hadi kwenye mti wa grevilea ulio mbali kuliko urefu wa mkaratusi. Hapo, kwenye shina, amefunga puli, gurudumu la chuma la kupitishia kamba, kwa mkanda mpana. Kamba inapita kwenye puli na kukunja kona, ili wavutaji, majirani waliokuja kusaidia, wasimame kando, si mahali mti utakapolala.

Mmoja wao, Kimutai, ana pikapu na anapendekeza waifunge nyuma ya gari.

"Gari haisikii," Opondo anamjibu. "Mtu nikimwambia alegeze, atalegeza. Na msizungushe kamba mkononi. Ikiwashinda, iacheni iende."

Kisha anawaonyesha eneo lililo ndani ya kona ya kamba, pale inapokunja kwenye puli. Anasema hapo hata kuku asipite.

Sheria hiyo ina jina la mtu. Opondo alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la chai upande wa Kericho, ambako wazazi wake walifika kutoka Nyakach kuchuma majani. Alipokua akajiunga na kikosi cha kukata kuni za kiwanda, chini ya msimamizi aliyeitwa Kepher Mokaya, mtu wa Nyamira.

"Kepher alikuwa anaanza wimbo kwa Kikisii, tunajibu kila mtu kwa lugha yake," anakumbuka. "Mlima wote unanuka karatusi. Wamama wanaochuma chai ng'ambo wanatuitikia. Kazi ilikuwa ngumu, lakini ukirudi kambini jioni unasikia umetoka mahali."

Asubuhi moja tawi lilikwama kwenye kamba iliyokuwa imekazwa. Kepher akaingia ndani ya kona kuliondoa. Mkanda ulioshika puli ukakatika, na chuma kikamfyatukia nyonga.

"Hakupiga kelele," anasema Opondo. "Alituambia tu tushikilie mti kwanza, usiangukie watu. Tukaushikilia. Halafu ndiyo tukambeba."

Kepher alirudi kwao na hakukata mti tena. Baadaye mashine za kuchuma chai zikaja, kambi ikapungua watu, na kikosi kikavunjwa. Leo Opondo hupita pale na kukuta milango mingi imefungwa kwa waya. Sasa hukata miti ya watu binafsi, na kuna miezi ya mvua ambayo simu hailii kabisa.

Huku Merigi, pawa inanguruma. Opondo anakata mdomo, pengo la kuuelekeza mti, upande wa napia, kisha anahamia nyuma ya shina. Kwanza ameamuru kamba ikazwe kidogo tu, kwa sababu ikizidi shina linaweza kupasuka. Anaacha ukanda wa mbao katikati bila kuukata, unaoushika mti kama bawaba ya mlango.

Upepo unavuma. Mkaratusi unayumba kuelekea jikoni, na kamba inalia.

"Shikilia," anasema. Wavutaji wanachimbia visigino ardhini. Anasubiri upepo upite, anagongomea kabari, anarudi nyuma. "Haya, vuteni."

Mti unasimama wima, unasita, kisha unaanza safari ya napia. Ardhi inatikisika. Jiko liko pale pale, na moshi wa chai unaendelea kutoka.

Priscah anashuka kutoka kwenye shamba la chai. Anaweka kiganja kwenye shina na kukaa hivyo kwa muda. "Sasa ameenda," anasema. Opondo anavua kofia na kumsubiri amalize, ndipo anaanza kukata matawi.

Kwake kuna kazi nyingine anayoingojea. Kepher alimpigia simu hivi karibuni: kuna mti umeinamia nyumba yake Nyamira, na hataki fundi mwingine auguse. Opondo anapanga kwenda mvua ikipungua. Amekwisha kumwambia mkewe, Eddah, kwamba hatarudi siku hiyo hiyo.

"Mti ni kazi ya asubuhi," anasema. "Mimi nataka ile jioni yake. Miaka yote hii tumeongea kwa simu, lakini hatujakaa."