Mama wa Malangali anayeotesha matumbawe yenye sumu

Saa tatu asubuhi baridi ya Ufipa bado haijaondoka, lakini nyumba ya Winifrida Kasmir, mtaa wa Malangali mjini Sumbawanga, iko wazi pande zote. Mlango wa mbele wazi, wa nyuma wazi, madirisha wazi. Watoto wamepelekwa kwa jirani. Mwandishi wa makala haya ameambiwa asimame kizingitini na asijitie ujasiri.

Winifrida amevaa glavu za mpira zinazofika viwikoni na miwani ya waendesha pikipiki. Mbele yake kuna beseni jekundu lenye maji ya bahari, na ndani ya maji kuna jiwe lililofunikwa na viumbe vidogo vya duara, vya kijani na vya rangi ya chungwa, vimebanana kama vifungo kwenye kopo la fundi cherehani. Mwenyewe anaviita hivyo hivyo, vifungo. Ni matumbawe, na yana sumu. Anapitisha kisu chembamba katikati ya viwili, taratibu, bila kulitoa jiwe majini.

"Ukivikata nje ya maji vinaweza kukurushia majimaji machoni," anasema bila kuinua kichwa. "Majimaji yenyewe si ya kuchezea."

Anayemshikia beseni ni Adela Felisiani, mpishi, naye kajifunga glavu na miwani. Ukiwaona wameinamiana hivi huwezi kuamini kwamba mwaka juzi, 2002, Adela aliapa hatasogelea tena mawe haya. Wala huwezi kuamini kwamba neno lake moja tu ndilo lililokuwa limebaki kuamua kama Winifrida ataendelea na kazi anayoipenda kuliko zote, au la.

Winifrida, mwenye miaka 38, ni mtoto wa wakulima wa kijiji cha Pito. Ni mhudumu wa vyumba katika gesti ya Mzee Christopha, ambaye biashara zilipofunguliwa alianza na mitumba, akaingia kwenye mahindi, kisha akajenga. Miaka ile gesti zilichipuka Sumbawanga kama uyoga. Huyu akileta televisheni ya rangi, yule analeta dishi. Mzee Christopha, mtu asiyependa kushindwa, akaleta bahari.

Alinunua tenki la vioo Dar es Salaam, kwa bwana mmoja aliyekuwa anahama nchi. Dereva wake, Bundala, alilipakia kwenye lori lililokuwa limepeleka maharage huko, pamoja na samaki, mawe yenye vifungo na mapipa ya maji ya bahari. Likawekwa mapokezi. Watu wakawa wanakuja kukaa tu na kutazama, na wajuaji hawakukosekana. Mmoja alishauri pipa likiisha wachote maji ya Ziwa Rukwa, maana nayo yana chumvi. Bahati nzuri hakuna aliyemsikiliza.

Kazi ya kulitunza ilimwangukia Winifrida kwa kuwa wengine waliikimbia. "Mimi nimezaliwa huku juu, bahari sijaiona mpaka leo," anasema. "Nikaona basi imenifuata yenyewe."

Halafu ikaja siku ya sufuria.

Jiwe moja lilikuwa limeota utando wa kijani. Winifrida alifanya jambo ambalo mwanamke yeyote msafi wa huku angelifanya: alilitia kwenye sufuria, akaliinjika kwenye jiko la mkaa, akalichemsha. Milango ya jiko la gesti ilikuwa imefungwa kuzuia baridi, na pembeni Adela alikuwa anapika maharage. Mvuke ulipojaa wakaanza kukohoa wote wawili. Midomo ikawa na ladha kama wamelamba msumari. Jioni wakashikwa na homa na kutetemeka. Winifrida alipona haraka. Adela, aliyekuwa karibu zaidi na sufuria, alilazwa hospitali wiki nzima akihangaika kuvuta pumzi.

Habari zikaenea. Mji wetu huu unavyosifika kwa maneno ya uchawi, hazikuhitaji kusukumwa. Ni Bundala aliyeleta ukweli safari iliyofuata, baada ya kumtafuta yule bwana wa Dar kabla hajaondoka. Alieleza kwamba viumbe vile vina sumu kali, na ukivichemsha sumu inapanda na mvuke. Havisuguliwi, havishikwi mikono mitupu, na mwenye kidonda hata kidogo akae mbali. Bwana huyo alisikitika sana, kwani alidhani walishaambiwa.

Mzee Christopha alitaka tenki livunjwe siku hiyo hiyo. Winifrida akamwomba mbele ya wafanyakazi wote. Mzee akafikiri, akasema aliyeumia ni Adela, kwa hiyo mwenye uamuzi ni Adela. Angesubiri mpaka mavuno yaishe. Adela akisema libaki, litabaki.

"Nilisema hapana pale pale," anakumbuka Adela. "Nilikuwa naogopa hata kupumua."

Winifrida hakubishana naye. Alinunua beseni jekundu ambalo halikuingia jikoni hata siku moja. Kila kazi ya mawe aliifanya barazani, mchana, penye upepo. Maji machafu aliyatia jiki ya kuua sumu na kuyaacha yakae kabla ya kuyamwaga shimoni. Akaanza pia kujaribu kukata, kwa maelekezo aliyoletewa na Bundala. Vipande vya kwanza vilioza, akavililia. Kisha akajaribu kuvibandika kwa supaglu juu ya vipande vya vigae vilivyobaki kwenye ujenzi, navyo vikashika na kuzaa vingine. Kwenye dirisha la jiko, Adela alikuwa anaona yote hayo.

Mwezi wa saba shangazi yake Winifrida alifariki huko Muze, bondeni. Akiwa msibani, umeme ukakatika Sumbawanga kwa siku mbili, na hita ya tenki ikazimika katika baridi kali kuliko zote za mwaka. Alipata habari kutoka kwa waombolezaji waliochelewa kufika. Akapanda lori la mahindi kurudi, akiwa na hakika kwamba vifungo vimekufa vyote.

"Mlimani kote nilikuwa nalia," anasema. "Watu wakadhani bado namlilia shangazi."

Alipoingia mapokezi alikuta tenki limezungushiwa mablanketi ya wageni. Ndani yake zilielea chupa za plastiki zilizofungwa vizuri, zimejaa maji ya moto. Adela alikuwa amesimama juu ya stuli, glavu mpaka viwikoni, akichota maji kwa jagi na kuyamimina tena ndani ili viumbe vipate hewa. Mzee Christopha mwenyewe alikuwa anabeba mkaa.

"Miezi yote ile nilikuwa namtazama," anaeleza Adela. "Hajawahi kuniletea lile beseni jikoni kwangu. Nikajua mtu huyu ananiogopea mimi. Sasa ningeviachaje vife, na yeye yuko msibani? Maji ya moto nilijua ni hatari, nikasema basi yakae ndani ya chupa." Vifungo vilipofunguka tena, alimgeukia mwajiri wake na kumwambia, "Libaki, Mzee."

Leo Winifrida ana tenki lake sebuleni, kazi ya fundi vioo wa hapa hapa mjini, lenye kifuniko na kufuli. Kipande kimoja anakiuza kwa bei ya madebe mawili ya mahindi, na nyumba yake imeshaezekwa bati. Lakini hamuuzii kila mtu. Mteja mmoja kutoka Mbeya alirudi mikono mitupu kwa sababu alizicheka glavu. Mpango wa wanawake hawa wawili ni kufungua duka lao, ambako anayenunua atafundishwa kwanza.

Beseni likiwa tayari, Winifrida analeta jiwe jeupe kutoka uani. Ni lile la sufuria. Alililoweka kwenye jiki, kisha akaliacha linyeshewe misimu miwili ya mvua. Alitaka kulitupa, Adela akakataa.

Sasa Adela anapokea kisu kwa mara ya kwanza. Anakata, anatia gundi na kukibandika kifungo kimoja cha kijani juu ya jiwe lile. Wote wawili wanalitazama.

Winifrida anasema likishafunikwa lote litarudi mapokezi, na wageni lazima watauliza ni nani aliyelipanda.

"Utawaambia ni mpishi," anasema Adela.