Bonge Alivyopungua

Nyumbani walimwita Bonge tangu hajaota meno, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Alikuwa kitindamimba wa fundi wa kuchomelea mageti, mtoto wa mashavu, wa kubebwa na kila mgeni. Jina likamganda. Siku ya kwenda chuo cha ualimu, mama yake mdogo alimtania mbele ya watu kwamba ajitahidi kupungua, maana mwalimu wa hivyo ataziba ubao wote. Watu walicheka. Naye alicheka.

Alianza kuruka chai ya asubuhi, kisha chakula cha jioni. Chumbani aliaga kwamba atakula kantini. Kantini alisema ameshiba. Mwili ukapungua, sifa zikaongezeka. Wasichana wenzake waliokuwa hawamsalimii walimwuliza siri yake. Likizo ilipofika, mama mdogo alimgeuza huku na huku kama nguo ya dukani, akasema, "Mwanangu, sasa umekuwa mtu."

Kwani zamani alikuwa nani? Hakuuliza. Aliporudi chuoni alijibana zaidi. Alivaa sweta juani. Nywele zilibaki kwenye kitana. Hedhi ikakatika, akaona afadhali, usumbufu mmoja umeondoka. Lakini siku nyingine njaa ilimzidi nguvu, akamaliza mkate mzima amejifungia bafuni, kisha akautapika huku bomba likimwaga maji ili asisikike.

Msichana waliyemwita Mrefu, aliyelala kitanda cha juu yake, alisikia. Aligonga mlango, akamwuliza kulikoni. Akajibiwa ni tumbo tu. Mrefu hakuridhika, akaenda kumweleza mlezi wa bweni. Mlezi akatoa dawa ya minyoo.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, Bonge alikuwa akiandika ubaoni mbele ya watoto wa darasa la tatu, chaki ikamponyoka, akaenda chini. Watoto walidhani mwalimu anawachekesha. Walicheka mpaka walipoona damu.

Hospitalini mama yake alinong'ona kumwuliza daktari kama ni mimba. Daktari akasema si mimba. Ni kutokula na kutapika, moyo unapiga ovyo, na ugonjwa wenyewe umekaa akilini, kwa hiyo dripu peke yake haitoshi.

"Kwani chuoni hawawapi chakula?" baba yake aliuliza walipobaki wawili.

"Kipo, baba. Mimi ndiye siwezi."

Mzee hakuelewa, wala hakujifanya ameelewa. Alivuta kiti, akakaa.

Mwaka wa masomo ukapotea. Kwa mshauri wa afya ya akili alikutana na wenzake wa chuo kilekile, ambao hakuwahi kuwadhania kuwa na ugonjwa huo. Mmoja wao aliacha kuja; baadaye wakasikia amezikwa kwao.

Siku moja mama mdogo alikuja kumjulia hali, akamsifu kwamba amenenepa tena. Bonge akasukuma sahani. Baba akaweka kijiko chini.

"Shemeji," alisema taratibu, "mwili wa mtoto huyu hauzungumzwi tena ndani ya nyumba hii."

Mama mdogo alinuna, akaondoka, na hajarudi.

Bonge sasa anafundisha. Meno ya mbele yameliwa na matapishi, moyo haujatengemaa. Zipo siku chakula kinakaa, zipo siku kinarudi. Kikirudi, humpigia simu mshauri, na mara nyingine simu haipokelewi.