Draiva Niliyoiandika Ilimfanya Mama Kabula Aitwe Mwongo

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili usije ukamhurumia asiyestahili. Nilisababisha mama wa watu aitwe mwongo, na nikakaa kimya wiki tatu.

Ilikuwa miaka ya tisini, kampuni binafsi zimeruhusiwa kununua pamba, kila mtu anakimbilia vijijini na mizani. Mimi nilikuwa kijana wa kompyuta katika kampuni moja hapa Mwanza. Tulikuwa na maghala Buhongwa, Kisesa na Magu. Kila ghala lilikuwa na kompyuta yake, na kila kompyuta ilitunza kumbukumbu kwa programu tofauti. Bosi alitaka abonyeze kitufe kimoja ofisini aone pamba yote.

Kazi yangu ikawa kuandika draiva. Hiyo ni programu ndogo ya katikati: inapiga simu ghalani, inaiuliza kompyuta ya kule kwa lugha inayoielewa, kisha inarudi na jibu. Nilipomwambia bosi draiva itachukua miezi miwili, aliniuliza kama nina leseni. Nilimweleza. Sidhani kama alielewa.

Siku ya kuionyesha, wageni kutoka Dar wamekaa na soda zao, Buhongwa ikajibu, Kisesa ikajibu. Magu ikaleta maneno: "Ghala halipatikani." Wageni wakacheka. Walipoondoka, bosi akaniambia hakununua mashine ije kumwaibisha mbele za watu, na maneno yale asiyaone tena.

Ndugu yangu, hapo ndipo nilipoharibu. Niliandika upya kile kipande: draiva ikikosa laini, itoe jibu la mwisho ililowahi kupata. Nilipanga kuweka tarehe pembeni ili mtu ajue jibu ni la lini. Kisha nikaona skrini inapendeza zaidi bila tarehe. Bosi akafurahi, akaanza kuniita injinia, akaahidi msimu ukiisha nitakuwa mkuu wa kompyuta. Nikaanza kuvaa tai. Na joto lile la Mwanza!

Haikupita muda nguzo ya simu ikaanguka Magu. Karani wa ghala la kule alikuwa Mama Kabula, mtu mzima ambaye hata kwenye simu nilikuwa namwamkia shikamoo. Alituma ujumbe kupitia kondakta wa basi kwamba simu imekatika, ghala limejaa mpaka darini, tupeleke malori. Bosi akabonyeza kitufe. Magu: magunia arobaini. Karani: Mama Kabula, yupo kazini. Akashangaa mama huyu anataka malori ya nini.

Ikaja barua yake. Ikaja ya pili, herufi kubwa tupu. Bosi akasema mtu anaweza kuwa na sababu ya kumdanganya, lakini kompyuta haina. Akaagiza mama apewe onyo la maandishi kwa kutoa taarifa za uongo.

Na nani aliichapa barua hiyo ya onyo? Mimi. Nilisahihisha mpaka nukta. Nilijua kabisa laini imekufa, maana kila asubuhi nilisikia modemu ikipiga na kukosa. Nikafikiria ule ukuu wa kompyuta, nikanyamaza.

Wiki ya tatu tangu nguzo ianguke, mama akaja mwenyewe. Alikuwa amepanda lori la mtu, juu ya mzigo, nyuzi za pamba zimemjaa kwenye kilemba. Hakupandisha sauti. Alimwomba bosi aiulize mashine leo yuko nani kazini Magu.

Bosi akabonyeza. Tukangoja. Karani: Mama Kabula, yupo kazini.

"Sasa bosi," mama akasema, "huyu aliyesimama hapa ni nani?"

Bosi akaangalia skrini, akamwangalia mama, akarudi kwenye skrini. Nakuapia, kwa muda kidogo alikuwa hajaamua.

"Ni mimi niliyeharibu," nikasema. "Kosa ni langu." Nikaeleza yote, tai ikinikaba.

Kumbe mvua ilikuwa imenyeshea magunia yaliyokosa nafasi ndani. Bosi alimwomba mama radhi mbele ya ofisi nzima, akaichana barua ya onyo, akamuuliza anifanye nini. Mama akasema nipelekwe kwake. Msimu wote uliobaki nilianika pamba juani, naigeuza kwa mikono, inanuka ukungu. Mkulima akiuliza kijana huyu ni nani, mama anajibu kwa upole kwamba ni injinia kutoka mjini. Ukuu wa kompyuta akapewa mwingine.

Nilimwomba msamaha. Akasema alishanisamehe, nigeuze na upande ule.

Nyie mnaounganisha kompyuta na kompyuta, nawasihi. Programu yako ikikosa jibu, iache iseme imekosa. Bosi atanuna, kisha atakunywa chai. Lakini ukiifundisha kujibu jambo isilolijua, ujue kuna mtu mahali fulani anaitwa mwongo, na huenda sasa hivi yuko njiani anakuja ofisini kwenu.