Ponsami na Magari Yasiyonguruma

Saa tatu asubuhi mvua imekatika, lakini maji bado yanateremka kutoka mashamba ya miwa na kukatiza barabara ya Kings, kisiwani Viti Levu, Fiji. Ponsami Goundar anasimamisha lori lake la kubebea magari mabovu mbali kidogo na kundi la watu. Kabla mguu wake haujagusa lami, tayari anapiga kelele.

"Nani mwenye ufunguo?"

Teksi nyeupe imeingiza pua mtaroni, nyuma iko juu. Wanaume wa kijiji cha Drauniivi wameshafunga kamba, na trekta la miwa linanguruma tayari kuivuta.

"Mzee, usitucheleweshe," anasema mwenye trekta. "Gari limekufa hilo. Halina hata pumzi."

"Limekwambia lenyewe kwamba limekufa?" Ponsami anauliza. "Fungua kamba. Na wewe uliyesimama kati ya gari na trekta, toka hapo. Mama yako bado anakuhitaji."

Watu wanacheka. Ponsami hacheki. Ana miaka hamsini na minane, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na tangu mvua hizi zianze hajala chakula cha moto nyumbani kwake, mjini Vaileka.

Mwenye teksi, Imtiaz, ameketi kwenye jiwe karibu na mtaro, shati limemganda mwilini. Hakuumia, wala hakuumia abiria wake, Bi. Torika, aliyekuwa akipeleka maboga sokoni. Imtiaz anajipapasa. Ufunguo uko mfukoni mwake muda wote.

Ponsami anachungulia dirishani, kisha anamwita mwenye trekta aje kuona. Kwenye dashibodi kuna taa ndogo ya kijani. Gari liko tayari kuondoka.

Mwenye trekta anaitazama taa hiyo, anakwenda kufungua kamba.

Teksi nyingi za upande huu wa Viti Levu siku hizi ni haibridi, zinazotumia petroli na umeme. Zikisimama, injini hunyamaza, lakini mota ya umeme iko macho. Huwashwa kwa kitufe, mradi ufunguo uko karibu. Na ukiliburuza gari kama hilo huku magurudumu yanayosukumwa na mota yakizunguka barabarani, mota inageuka jenereta. Umeme unazalishwa, joto linapanda, na safari ya gereji inaweza kuishia kwenye moto.

Ndiyo maana Ponsami aliuza lori lake la zamani, lililonyanyua magurudumu mawili tu, akakopa benki kununua hili lenye kitanda cha chuma kinachoteremka hadi chini. Magurudumu yote manne yanapanda juu. Deni bado analo, na miezi ya kiangazi simu hukaa kimya.

"Zamani kazi hii ilitaka mikono na matusi," anasema. "Siku hizi inataka masikio. Na gari lenyewe halisemi."

Hakujifunza hayo darasani. Miaka mitatu iliyopita, yeye na mwenzake wa siku nyingi, Apisai Nawele, waliitwa kuchukua haibridi iliyogonga kisiki karibu na Tavua. Ndugu wa dereva aliwaambia gari limezimwa. Apisai akasimama mbele ya gari hilo, mgongo kwenye lori, akamwambia yule ndugu aachie breki.

Gari likaja mbele bila mlio. Likambana Apisai kwenye chuma cha lori, na mguu wake wa kushoto ukakatwa chini ya goti.

Tangu siku hiyo Apisai anapokea simu ofisini. Hapandi teksi, anasubiri basi la dizeli. Gari likiletwa uani, anafunga mlango.

Leo Ponsami analizima gari mwenyewe, anangoja taa zote zilale, kisha anapiga magoti kufunga ringi ya kuvutia kwenye bampa ya nyuma. Hapo mgongo unamgomea. Anatoa sauti kama ya mtu aliyechomwa mwiba, anaanguka ubavu, na hawezi kuinuka.

Wanamlaza kwenye mkeka wa Bi. Torika. Anaomba simu, anampigia Apisai ofisini.

"Mla muhogo," anasema kwa utani wao wa siku zote, "niko chini."

"Chini ya nini?" anauliza Apisai.

"Chini ya mbingu, bwana. Mgongo. Niko Drauniivi, na haibridi iko mtaroni."

Kisha simu inakatika.

Baada ya muda pikapu ya binamu yake Apisai inasimama ng'ambo ya barabara. Apisai anashuka polepole, mguu wa bandia ukitangulia. Anasimama hapo, jasho likimtoka, ilhali upepo ni wa baridi. Haivuki barabara.

"Nimeshalizima," Ponsami anamwambia kutoka mkekani.

"Hata mimi niliambiwa hivyo."

Imtiaz hawezi kuvumilia tena. "Bwana, jua litazama hapa!"

"Lizame," anasema Apisai.

Ponsami hamsukumi. "Ukitaka tuliache. Polisi wataweka vibao, nitarudi kesho."

"Kesho, na mgongo huo?"

"Kwani kuna mwingine?"

Apisai anamtazama rafiki yake aliyelala kama gunia lililotupwa. Kisha anavuka barabara.

Anachukua ufunguo mkononi mwa Imtiaz na kuupeleka mbali, hadi kwenye maboga ya Bi. Torika. "Mama, shika huu. Hata mimi mwenyewe nikikuomba, usinipe mpaka gari liwe limefungwa juu ya lori."

"Hata ukilia?" anauliza Bi. Torika.

"Hasa nikilia."

Anarudi. Anavaa glavu za mpira, anafungua buti ya nyuma na kuchomoa waya wa betri ndogo. Anainama kutazama chini ya gari, zinakopita nyaya nene za rangi ya chungwa. Hazijachubuka, naye hazigusi. Ananusa. Anasikiliza kama kuna kitu kinachofuka au kuchemka. Ringi inamponyoka mara mbili.

"Upande wa kulia inakaza, mla dengu, au kushoto?" anauliza.

"Kushoto. Miaka mitatu tu umesahau? Na mke wako jina lake nani?"

Kwa mara ya kwanza Apisai anatabasamu. Ringi inakaza. Anawafukuza watu wote, anasimama pembeni kabisa, na kuwasha winchi. Gari linatoka huku matope yakilinyonya, magurudumu ya mbele yamekaza, yakiteleza juu ya vibao vya plastiki alivyotandika chini yake mpaka kitandani. Apisai anafunga mikanda kwenye magurudumu, anaweka kabari, anarudia kukagua kila kona.

Halafu anaketi ukingoni mwa lami, anavua mguu wa bandia na kumwaga maji ya matope. Mabega yake yanapanda na kushuka. Mwenye trekta anavua kofia, hajui aiweke wapi.

Jioni teksi imewekwa mwisho wa uwanja wa Ponsami, mbali na ukuta na nyumba. Betri iliyopata maji au kipigo inaweza kushika moto siku kadhaa baadaye, na hapa hakuna anayetaka kulijaribu hilo.

Ponsami amelala kifudifudi barazani. Mkewe, Saras, anamkanda kwa mafuta ya nazi yenye moto. "Usiku anaruka simu isipolia, anaruka ikilia," anasema Saras. "Nimeolewa na lori."

Binti yao anawaita wahamie kwake Brisbane, Australia. Ponsami anasema hataki kuhama, anataka kulala tu. Mpango wake ni mdogo: apate dereva wa kumpokea zamu, mvua zikianza tena abaki kitandani asikilize zinavyopiga bati.

Apisai ameketi pembeni na bakuli la yaqona, kinywaji chao cha mizizi. Anakunywa, anafuta midomo.

"Zamu ya mchana nitakwenda mimi," anasema. "Lakini mgongo ukipoa, wewe ukae kiti cha abiria."

"Nikafanye nini huko?"

"Unitukane. Kukiwa kimya naogopa."

Ponsami hageuki, kwa sababu hawezi. Saras anaacha kukanda. Kwa mbali vyura wa mtaroni wameanza.

"Matusi ninayo," anasema Ponsami. "Mengi sana. Wewe njoo asubuhi."