Karanga Mbichi za Jailos

Ikupa alimsamehe mumewe mengi: viatu vya tope sebuleni, kukoroma, hata kelele za mpira. Karanga mbichi hakuzisamehe.

Maana nani asiyejua? Pale Mbalizi mwanamume akionekana anatafuna karanga mbichi na kipande cha nazi, wenzake humkonyeza na kusema leo mama atakoma. Jailos, fundi seremala mwenye mvi zake, sasa alikuwa na karanga kila siku mfukoni mwa koti. Na huyo mama wa kukoma, Ikupa, hakuona badiliko lolote. Mume akipanda kitandani anageukia ukutani, amelala. Sasa nguvu zinakwenda wapi?

Wivu ukampanda. Akiwa kwenye cherehani alishona gauni la mteja mkono wa kulia kushoto. Alinusa mashati ya mumewe, akakuta vumbi la mbao tu. Mwishowe akamuuliza.

"Hizi ni za moyo tu, Mama Brayson," Jailos akajibu bila kumtazama.

Za moyo! Yaani anakiri mchana kweupe!

Muuza karanga alikuwa Mwamvita, mjane mwenye hina vidoleni na maneno laini ya pwani. Ikupa akamfuata sokoni, kitenge kimefungwa kishari.

"We Mwamvita, unampa nini mume wangu?"

"Karanga, shoga yangu."

"Za kazi gani?"

Mwamvita akaweka ungo chini. "Kwani hajakwambia? Nesi kamwambia mafuta yamezidi kwenye damu, moyo unaelemewa. Apunguze chumvi na vya kukaanga, kila siku ale karanga konzi moja, zisiwe na chumvi. Zangu za kukaanga zote nimetia chumvi, ndiyo nampimia mbichi. Alilia, mwenzangu, kwenye kigoda hicho hicho. Akasema usiambiwe, utakosa usingizi."

Ikupa alipaswa kumshukuru Mungu. Wapi! Kama ni hawara angejua la kufanya, angemvua mtandio soko zima likiona. Lakini Jailos hakuwahi kulia mbele yake, hata alipomzika mama yake mzazi kule Tukuyu. Machozi yale yalikuwa yake, mke wa ndoa, na mwanamke mwingine ndiye aliyeyaona. Akakitazama kile kigoda, akatamani kukipiga teke.

Akanunua karanga, akaondoka bila kuaga.

Jioni aliandaa ugali, mboga ya maboga iliyochemshwa bila tone la mafuta, na bakuli la karanga alizozikaanga mwenyewe bila chumvi. Jailos akaliangalia bakuli, kisha mkewe.

"Mwamvita amekwambia?"

"Mwamvita ndiye mkeo?"

"Sikutaka uhangaike, Mama Brayson."

"Sasa mimi niliolewa nije kufanya nini?" Akamsogezea bakuli. "Kula. Na ukitaka kulia, lilia hapa."